Mahali pa Kushukia

Mwanamke mwenye akili timamu haendi kununua matairi akiwa amevaa gauni jeupe, lakini Mwalimu alikuwa ametoka moja kwa moja darasani, na ilibaki miezi miwili tu likizo ianze. Alisimama katikati ya kelele za nyundo na pampu za upepo, mkono mmoja umekumbatia pochi, mwingine umeshika tairi ambalo muuzaji aliapa kwamba ni jipya kabisa.

"Jipya la mwaka gani?" sauti ikauliza nyuma yake.

Aligeuka. Mwanamume mrefu, shati lake la mikono mirefu limepigwa pasi likanyooka, kalamu mbili mfukoni. Wala hakumtazama yeye. Alikuwa ameinama anasoma ubavu wa tairi.

"Ona hizi tarakimu nne. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Hili lilitoka kiwandani wiki ya thelathini na moja, miaka tisa iliyopita. Linang'aa kwa sababu limepakwa dawa."

Muuzaji akakumbuka ghafla kwamba ana mteja mwingine.

"Na wewe," Mwalimu akauliza, "ulitoka kiwandani wiki gani?"

Yule bwana alicheka mpaka akavua miwani. "Wiki ya zamani sana, dada. Lakini sijapakwa dawa."

Alikuwa mpangaji wa safari katika kampuni ya malori, na wenzake kazini walikuwa wamemsahau jina, wakimwita Ratiba tu. Alimchagulia matairi manne mazuri, na walipokuwa wakisubiri yafungwe, Mwalimu akamweleza ya moyoni. Marehemu baba yake alimwachia gari. Yeye alikuwa amefundisha historia miaka kumi na mmoja: ngome za pwani, bandari za kale, miji ya mawe iliyobaki magofu. Yote hayo alikuwa ameyaona vitabuni.

"Nimewafundisha watoto kuta ambazo sijawahi kuzigusa. Sasa nataka wiki tatu, barabara, na joto la bahari."

"Wiki tatu peke yako?"

"Mpaka sasa hivi, ndiyo."

Ratiba akaandika namba yake ya simu nyuma ya risiti ya matairi. Bwana huyo alikuwa mpole, lakini mjinga hakuwa.

Kuanzia hapo, kila akitoka kazini alipitia kwa Mwalimu. Walitandaza ramani juu ya meza ya chakula, wakaishikiza kwa bilauri nne. Mama yake Mwalimu alijilaza kwenye kochi, dawa zake za moyo kando, akijifanya amesinzia.

"Siku mbili nzima kwa ajili ya makaburi?" Ratiba aliuliza.

"Makaburi ya miaka mia sita, mpenzi."

"Basi hayana haraka. Tuyape nusu siku."

"Na bahari umeipa siku nne!"

"Bahari inataka muda. Nataka nikuone umevua viatu, umesahau kengele ya shule, umeloa mpaka..."

"Jamani, nasikia kila kitu!" Mama akasema kutoka kwenye kochi.

Walipendana hivyo, mji kwa mji, kidole juu ya ramani. Mwalimu alianza kuamka akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo kwa muda mrefu. Aliwahi kuchumbiwa na mwanamume aliyemwacha kwa awamu: kwanza alichukua nguo zake, kisha vitabu, mwishowe akajichukua mwenyewe. Hakutaka kuyaona tena hayo.

Ndiyo maana bahasha ya kaki ilipomfikia shuleni, wakati wa mapumziko, aliifungua kwa uangalifu, akaisoma neno kwa neno. Ratiba alikuwa ameichapa safari nzima: siku ishirini na moja, kilomita, nyumba za wageni, saa za kufika. Kazi safi. Lakini safu ya mwisho iliandikwa "Mahali pa kushukia". Kila baada ya siku nne palikuwa na mji, kituo cha basi, saa ya basi la kurudi nyumbani, na maneno mawili: abiria mmoja. Mara tano.

Mwalimu alisoma nyaraka kwa kazi. Aliamini kwamba mtu huficha mengi mdomoni, ila akiandika hujianika. Akaisoma ile safu, akamwona mwanamume anayejua tayari, kwa kilomita na dakika, atamwachia wapi. Akapiga simu.

"Nimesoma ratiba yako."

"Enhe, umeionaje, mwalimu wangu?"

"Umejipanga vizuri sana. Tafuta abiria mwingine wa kumshusha."

Akakata. Simu ikaita mara sita, naye akaitazama tu. Nyumbani aliikunja ramani, na Mama alipouliza, alijibu kwamba ana kazi nyingi ya kusahihisha. Mama hakumwamini hata kidogo.

Siku ya tatu, Jumatano, alikuwa anawaandikia kidato cha tatu ubaoni maneno anayoyaandika kila muhula: hati moja haitoshi, itafuteni ya pili. Chaki ikasimama mkononi. Aliona aibu iliyomchoma masikio. Kengele ilipolia, alichukua pochi yake akaenda moja kwa moja kwenye kampuni ya malori.

Ofisini, ubao ulikuwa umefunika ukuta mzima: malori kumi na manne, njia zake, mizigo yake. Safu ya mwisho ilikuwa na wino mwekundu. Mahali pa kushukia.

"Hiyo kaianzisha Ratiba," dada wa mapokezi alisema. "Lori haliondoki hapa bila hiyo. Dereva akipata habari mbaya ya nyumbani, ajue atashukia wapi, na nani atapokea usukani. Madereva wanamwombea dua kwa hiyo."

Ratiba akatokea mlangoni, ndevu za siku tatu, macho mekundu. Walitazamana. Dada wa mapokezi akaona ni vyema aende kuchemsha chai.

"Mbona hukuniambia?" Mwalimu akauliza.

"Baba yangu alikuwa dereva. Mama alipozidiwa, yeye alikuwa katikati ya safari na mzigo wa watu. Alifika siku ya nne, tumeshazika." "Mama yako moyo wake haujatulia. Nikikukumbusha hilo, najua hutaondoka. Nami nilitaka uende ukaziguse hizo kuta."

"Ni hilo tu?"

"Si hilo tu. Ukinichoka njiani, sikutaka ubaki nami kwa sababu umekosa basi."

Mwalimu alihisi machozi, wala hakuyazuia.

"Nimekukosea," alisema. "Nimekusoma kama hati ya mtu aliyekwisha kufa, na wewe upo hai, unanipigia simu mara sita."

Akaitoa ile bahasha, akaikunjua karatasi juu ya kaunta.

"Sasa hapa. Abiria mmoja. Mama akizidiwa, mimi nipande basi nikilia, wewe uendelee kutazama bahari?"

"Gari je?"

"Gari ni chuma. Tutaliacha hata kituo cha polisi. Andika abiria wawili."

Ratiba alichukua kalamu, lakini hakuandika.

"Nikifika pale," akauliza polepole, "ndugu zako wote wapo, mama yuko kitandani, mimi nitaingia kama nani?"

"Kama mkwe wake."

Kalamu ilitembea mara tano, mstari kwa mstari. Alipomaliza, aliendelea kuishika karatasi kwa mikono miwili.

"Basi Jumamosi uje," Mwalimu alisema, "umwambie mwenyewe."

Ratiba, ambaye hakuwahi kutoa lori kabla ya saa yake, alitazama saa ya ukutani.

"Jumamosi ni mbali," alisema. "Mama yuko macho sasa hivi?"

"Yuko macho."

"Basi twende."