Mlango wa Ujia wa Joto

Kila jioni kabla ya chakula, Kidoti alimkalisha mdogo wake mkekani, akamvalisha barakoa ya mashine ya mvuke wa dawa, kisha akaiwasha. Mtoto alikuwa na pumu, na bila kutaniwa hakutulia.

"Leo wewe ni rubani," Kidoti alimwambia. "Na rubani havui barakoa angani!"

Rubani alicheka. Ghafla mashine ikanyamaza, na nyumba ikawa giza.

"Wamekata umeme tena!" Bibi alifoka. "Hawa watu hawana haya!"

Mtaa mzima ulizimika, isipokuwa jengo moja jeupe ng'ambo ya barabara. Humo zilikaa kompyuta kubwa zinazohifadhi picha, barua na mafaili ya watu wengi, na humo ndimo alimofanya kazi mama yao. Siku za joto, viyoyozi vya jengo hilo vilivuta umeme mwingi mno. Laini ilipozidiwa, nyumba za watu ndizo zilizokatiwa.

Kifua cha mtoto kilianza kupiga filimbi. Bibi alimbeba, Kidoti akaikumbatia mashine, wakavuka barabara mbio. Mlinzi hakuuliza maswali. Aliichomeka mashine chumbani mwake. Mtoto alipoanza kuvuta pumzi vizuri, Kidoti alikwenda moja kwa moja kumtafuta mama yake.

Alimwona kupitia ukuta wa kioo. Mafundi wote walikuwa wamevaa masweta. Mbele ya kompyuta palikuwa na ujia wa hewa baridi. Nyuma yake, ujia wa hewa ya moto inayotoka kwenye mashine. Mlango wa kati ulipaswa kufungwa. Lakini ulikuwa umezuiwa kwa kiti usijifunge, na mafundi wawili walisimama hapo wakiota joto.

Mama alitoka upesi. "Mwanangu, kuna nini?"

"Mdogo wangu amekosa pumzi, na nyinyi mnaota joto!" Kidoti alisema kwa hasira. "Yuko kwa mlinzi na Bibi. Juzi ulisema mlango ule ukiwa wazi, viyoyozi vinafanya kazi maradufu. Ulijua, Mama! Ulijua!"

Mama alikimbia kwa mlinzi. Alipomwona mtoto akipumua, alirudi, akaondoa kile kiti na kufunga mlango.

"Ah, dada mkubwa!" fundi mmoja alilalamika. "Unataka tugande kama samaki wa friji?" Akaufungua tena. Wenzake wakacheka, na Mama naye akatabasamu kwa aibu.

Kidoti alipiga kioo kwa kiganja. Pa!

Tabasamu la Mama likatoweka. "Basi!" alisema kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. "Tukihisi baridi tunafungua mlango. Hewa ya moto inaingia, viyoyozi vinaongeza baridi, nasi tunaufungua zaidi! Mashine zenyewe hazihitaji baridi yote hii. Na zile za safu ya mwisho hazimhudumii mtu yeyote, ila tunaogopa kuzizima. Mwanangu amekosa hewa kwa sababu ya uzembe wetu!"

Mkuu wa zamu alikuwa amesimama nyuma yao. "Mbona hukuniambia?" aliuliza kwa ukali.

"Niliogopa kuitwa mnoko, mchongea wenzake."

Mkuu alikibeba kile kiti mwenyewe, akakitoa nje. Wiki hiyo walipunguza baridi kidogo kidogo huku wakizipima kompyuta, na hakuna iliyoharibika. Mashine zisizo na kazi zilihakikiwa, kisha zikazimwa. Masweta yakabaki nyumbani. Joto kali liliporudi, taa za mtaa hazikuzimika.

Hata hivyo, Kidoti aliendelea kumjibu mama yake kwa mkato.

"Bado umeninunia?" Mama alimwuliza jioni moja.

"Ndiyo."

"Una haki. Umeme tunaoupoteza, kuna mwenzetu anaukosa. Na anayeliona kosa akanyamaza, analilinda. Usiniige katika hilo, mwanangu. Kama una jambo, liseme."

Kidoti aliinama. Machozi yalimdondoka kabla ya maneno.

"Sikuukasirikia mlango, Mama. Nilidhani mdogo wangu atafia mbele yangu, na wewe uko ng'ambo ya barabara tu."