Kibanda Kisicho na Rangi

Maiti ya Rodrigue, muuza rangi, ilikuwa imekaa sakafuni, mgongo umeegemea kioo, midomo imepasuka kwa ukavu. Wateja wake mwenyewe ndio walioiona.

Walikuja mtaa wa Biwi Jumatatu asubuhi, wenye hoteli na nyumba za wageni, kutazama ile rangi ya vioo ambayo Lilongwe ilikuwa imeanza kuizungumzia. Badala ya rangi wakakuta mtu amekufa. Maonyesho gani hayo, jamani!

Inspekta Tusekile Mwangonde alifika kabla hawajatawanyika. Alikuwa mzaliwa wa Karonga, kule kaskazini mwa Malawi, mpakani na Tanzania, na Kiswahili alikua nacho. Kwa kosa hilo, kila kesi iliyomhusu mkimbizi wa Kongo, Rwanda au Burundi ilitupwa mezani kwake. Alishazoea, na alishachoka pia.

Uani kwa Rodrigue palikuwa na vibanda viwili vya vioo, paa la kioo, kuta za kioo, kila kimoja cha kutosha watu watatu wakibanana. Cha ukutani kilikuwa kimepakwa rangi. Asubuhi kwenye baridi rangi hiyo huioni kabisa. Jua likipanda, kioo kinageuka cheupe kama maziwa na kuzuia joto lisiingie. Jioni kinakuwa angavu tena. Kibanda cha pili, cha barabarani, hakikupakwa kitu. Wateja wa siku za nyuma waliingizwa kwanza hiki, wakatoka jasho, kisha kile, wakapumua. Wengi waliagiza hapo hapo.

Rodrigue alifia katika kibanda kisicho na rangi. Kufuli lilikuwa nje.

"Joto," alisema daktari wa polisi. "Jana mchana. Tazama mikono yake."

Vifundo vya vidole vilikuwa vimechubuka na kuvimba.

"Kioo hakikuvunjika?"

"Hiki ni kioo kinene cha kuzuia wezi. Hata nyundo ingepata shida."

Mmoja wa wateja, Bi Charlotte, meneja wa nyumba ya wageni, alikuwa amesimama na chupa ya maji mkononi.

"Ulimfahamu marehemu?" Inspekta alimuuliza.

"Alikuja kwetu mara kadhaa kutafuta soko. Ana maneno huyo! Alisema waliijaribu rangi kule kambini Dzaleka, kwenye vyumba viwili vya watoto. Chenye rangi, watoto walilala usingizi mtamu. Kisicho na rangi, walilia mpaka wakanyamaza wenyewe." Alikunywa maji. "Tulicheka. Alijua kuuza."

Inspekta hakucheka. Aliyaweka maneno hayo moyoni, na yakakaa vibaya.

Kufikia saa sita mkuu wa kituo alikuwa ameshapata mtu wake. Aliitwa Théogène, Mnyarwanda, mshirika wa Rodrigue, mtu wa vipimo. Jumamosi mtaa mzima ulimsikia akimfokea Rodrigue kwamba atamzika. Tena simu ya marehemu ilikutwa katika mfuko wa kazi ambao Théogène aliuacha uani.

"Keshokutwa anapanda kizimbani kwa mauaji," mkuu alisema, meno yote nje. "Akitoka huko, ni kifungo cha maisha. Ukiwa na neno jingine, Mwangonde, niletee kabla ya hapo."

Chumba cha mahojiano kilikuwa na joto la Oktoba na feni mbovu. Théogène alikuwa amelowa jasho mpaka mkanda.

"Mligombania nini?"

"Soko, Madamu. Yeye alitaka ma-hoteli tu, bantu bakubwa. Mi nilitaka tuuzie mahospitali."

"Ukasema utamzika."

"Ni asira tu ile! Kila mutu anasema vile."

"Simu yake ilifikaje kwenye mfuko wako?"

"Sijui. Naapa mbele ya Mungu, sijui."

"Jumapili mchana ulikuwa wapi?"

"Chilinde, mutaa ninakokaa. Nilikuwa nalala."

"Nani alikuona?"

"Sina kibali cha kukaa huku mujini, Madamu. Mi najificha ili basinione, na leo unaniuliza nani aliniona?"

Inspekta alikaribia kutabasamu. Mwongo angekuja na shahidi tayari. Huyu alikuja mikono mitupu, na hilo lilinuka ukweli.

"Kule Dzaleka," akauliza, "jaribio la rangi nani alilifanya?"

Théogène alitazama meza. "Rodrigue na mi."

"Lilikwendaje?"

"Vizuri," alisema, macho bado mezani.

Hapo palikuwa na jambo. Lakini si lile aliloshtakiwa.

Alirudi Biwi. Uani alimkuta Godelive, mwanamke wa Bukavu, fundi aliyepaka rangi kwenye vioo vya wateja wote huku Rodrigue akipiga domo. Alikuwa mwembamba, mkimya, kola ya blauzi yake imekaza kama kadibodi.

"Pole na msiba, mama."

"Asante, Madamu."

"Rodrigue na Théogène walikuwaje?"

"Chui na mbuzi. Théogène alimuchukia sana." Alijibu haraka, bila kuulizwa mara mbili.

"Wewe Jumapili ulikuwa wapi?"

"Dzaleka, kanisani. Mi ni wa korali."

Inspekta alikizunguka kibanda. Kwenye mpira ulioshika kioo, upande wa barabarani, sisimizi walikuwa kwenye msafara, kila mmoja na chembe nyeupe mdomoni. Alichokora kwa ukucha. Kilikuwa kitu kikavu, kigumu. Akakilowesha kwa mate, akanusa.

Muhogo. Muhogo uliovundikwa, ukasagwa, ukapikwa. Mtoto wa Karonga huwezi kumdanganya kwa harufu hiyo, kwao ndiyo chakula. Lilongwe ni nchi ya mahindi, na wala hakuna anayekula ugali kwenye fremu ya dirisha. Aliliangalia paa. Hakukuwa na sisimizi hata mmoja. Uji wa muhogo ulikuwa umepakwa upande wa barabarani tu, kisha ukaoshwa.

Ng'ambo ya barabara Nahayo, Mrundi, aliuza vocha za simu chini ya mwavuli.

"Jana mchana ulikuwa hapa?"

"Nilikuwako, Shefu. Jumapili njo bantu banapigia ndugu simu."

"Hukumwona mtu kwenye kibanda kile?"

"Ningeona je? Vyote viwili vilikuwa vyeupe pyee! Nikasema, ah, bamepaka na kile kingine."

"Hukusikia kelele?"

"Na makanisa matatu na mashine zao za sauti? Hata wewe ukinipigia kelele masikioni sisikii."

Basi ndivyo ilivyokuwa! Mtu alifungiwa juani katikati ya mtaa, watu wakipita na Biblia zao, na hakuna aliyegeuka, kwa sababu kila mtu Biwi alishazoea kuona kioo cheupe mchana. Aliyefanya hivi aliijua rangi, na aliyajua macho ya watu pia.

Jumanne asubuhi gari la polisi lilimfikisha Dzaleka. Aliulizia korali ya Wabukavu, akaelekezwa kwa Rosette, mwalimu wao wa nyimbo. Alimkuta uani amechovya mashati ya korali kwenye beseni la uji mweupe, mwepesi, na mengine yako kambani yamesimama wima bila mtu ndani.

"Unapika nini, mama?"

Rosette alicheka. "Hapana kupika, Madamu. Ni amido. Unga wa muhogo na maji ya moto. Nguo isipokaza, korali itafanana na bahuni."

Inspekta aliikumbuka ile kola. Kama Godelive angetumia unga mbichi na maji, ndoo moja ya kuosha ingeufuta. Lakini yeye alikuwa na dumu la amido tayari, la nguo zake za Jumapili, na mkono huchukua ulichozoea. Uji uliopikwa ukikauka kwenye mpira, hautoki kwa maji baridi.

"Godelive aliimba Jumapili?"

"Mama Bénie? Hapana. Alikuja jioni, nguo zimelowa, akasema kazi ilimushika mujini. Pendo la kuimba limemwisha huyo, tangu mambo yake yale."

"Huyo Bénie yuko wapi?"

Rosette aliacha kukamua shati.

"Alikufa, Madamu. Mwaka jana, jua kama hili. Rodrigue alikuja na yule Théogène wake, bakakodi vyumba viwili kule mwisho, bakasema, mama zetu, leteni batoto bure, bachezee hapa mukienda soko. Bure! Nani atakataa? Godelive alimuacha Bénie asubuhi, anacheka. Alipomurudia, mutoto iko moto, analegea. Hakufika ku hospitali."

"Walisema nini?"

"Malaria. Tena..." Rosette alifuta macho kwa kiwiko. "Tena sisi bote tulimulaumu mama. Tulisema, kwa nini ulipeleka mutoto mwenye homa? Mpaka bwana yake akamuacha. Rodrigue akamupa kazi. Tulisema, ona muntu mwenye roho nzuri."

Walilia mpaka wakanyamaza wenyewe. Inspekta Tusekile aliyasikia tena maneno ya Bi Charlotte, na safari hii hasira ilimpanda. Alimshukuru Rosette na kutembea haraka kwenye gari, asije akamtukana mtu asiye na hatia.

Godelive aliletwa kituoni mchana. Inspekta aliweka mezani karatasi yenye zile chembe nyeupe.

"Hii ni nini?"

"Sijui."

"Amido. Imetoka kwenye kioo cha Rodrigue. Na Jumapili hukuimba."

Godelive aliisukuma karatasi pembeni.

"Sasa hivi Théogène yuko selo kwa kosa hili, Mama Bénie."

Jina hilo lilimpiga. Muda mrefu mjini hakuna aliyemwita hivyo. Alipofungua mdomo hakutetemeka hata kidogo.

"Nilikuwa nasimama kando na ndoo yangu, Madamu. Kila ofisi. Yeye anaongea, mi napaka. Mara ya kwanza nilisikia juu ya vyumba viwili, sikuelewa. Mara ya pili nilimuuliza Théogène, chumba batoto balilia kilikuwa kipi? Akasema cha mwisho. Bénie wangu alikuwa cha mwisho." Alivuta pumzi. "Balitafuta soko na mutoto wangu. Kila akisema vile, bantu banacheka, banaagiza. Nilivumilia mpaka moyo ukaoza."

"Jumapili ilikuwaje?"

"Nilimuambia wateja banakuja kesho, aingie apanguse ndani. Akanipa simu nimushikie, akaingia. Nikabana kufuli. Alifikiri namchezea! Akacheka, yule mbwa. Nikapaka amido upande wa barabara. Paa niliacha, jua lipite."

"Alipiga kioo?"

"Alipiga. Alipiga sana. Aliniomba maji. Nilikaa kwa kivuli namuangalia, nikamuambia, Rodrigue, hiki njo chumba cha mwisho."

"Ukakaa mpaka lini?"

"Mpaka akanyamaza mwenyewe."

Konstebo Chikopa, aliyekuwa akiandika, aliinua kalamu na kusahau kuishusha.

"Na simu? Kwa nini uliitia kwenye mfuko wa Théogène?"

Hapo Godelive aliegemea meza, na Inspekta akauona moto wenyewe.

"Yeye njo alifunga madirisha. Rodrigue alimutuma, lakini mikono ilikuwa yake. Mmoja nilimupa jua. Wa pili niliwaachia nyinyi, aoze mu jela." Alimshika Inspekta mkono. "Mi nitasaini kila kitu, Madamu. Niueni hata leo. Lakini yeye musimufungulie. Nakuomba kama mwanamuke. Musimufungulie!"

"Siwezi kumfunga kwa mauaji ambayo hakufanya."

"Basi Bénie alikufa bure," Godelive alisema, akaanza kulia kwa mara ya kwanza.

Théogène aliletwa mapokezi. Habari zilikuwa zimemfikia, na alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, anafunga kamba za viatu.

"Zikomo, asante sana, Madamu! Mungu akubariki! Nilijua ukweli utatoka."

"Kaa kwanza."

Alikaa.

"Madirisha ya chumba cha mwisho, kule Dzaleka, nani aliyafunga?"

Kamba ya kiatu ilimtoka mkononi. "Madamu, yale ni mambo ya zamani."

"Nani?"

"Upepo ulikuwa unaharibu kipimo. Rodrigue alisema tofauti iwe kubwa, wateja baone."

"Kwa hiyo uliyafunga."

"Niliyafunga."

"Na mlango?"

"Na mulango."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Inje. Nasoma kipimo kupitia kioo."

"Watoto wakilia."

"Batoto banaliaga, Madamu."

"Walipoacha kulia ulifanya nini?"

Théogène alitazama mlango uliokuwa wazi, jua la nje, watu wakipita.

"Nilifikiri balilala," alisema.

Inspekta Tusekile alisimama, akaufunga mlango ule kwa mkono wake mwenyewe.

"Chikopa, mfutie huyu shitaka la kumuua Rodrigue, mfungulie jipya. Andika jina la marehemu: Bénie. Umri kamuulize mama yake, yuko chumba cha pili. Na umwambie kwa nini unauliza."