Vijiko Viwili vya Unga

Duka la vyombo lilifurika watu siku ile, kila mmoja akitaka kuhudumiwa kabla ya mwenzake. Katikati ya vurugu hiyo alisimama mshonaji mmoja, gauni la kijani alilojishonea mwenyewe limemkaa vizuri, futi yake ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Alikuwa akimrudishia mwenye duka kikombe baada ya kikombe. Mkononi alishika kikuukuu cha bati chenye ua la buluu lililobanduka nusu, na alitaka kingine cha ukubwa uleule, si cha kukaribia.

"Dada, hicho hakina ndugu," ilisema sauti kutoka chini ya kaunta. "Waliokitengeneza walishastaafu."

Aliyesema hivyo alikuwa fundi mizani, amepiga magoti akirekebisha mizani ya duka, shati lake jeupe safi kupita kiasi kwa mtu anayefanyia kazi sakafuni. Mshonaji alimwambia kwamba hakuulizwa. Fundi akakubali kuwa kweli hakuulizwa, kisha akauliza yeye kikombe hicho kinapimia nini.

Sijui ni ile sauti ya upole au ni uchovu tu, lakini mshonaji alijikuta anamweleza mtu asiyemjua mambo ya nyumbani kwao. Mama yake alikuwa akioka keki ambayo mtaa mzima uliijua kwa harufu. Vipimo vyake vilikuwa vikombe vitatu vya unga, sukari mpaka kwenye alama ya kutu, siagi kiasi cha yai, maziwa mpaka mchanganyiko udondoke kijikoni kwa uvivu. Tangu apate kiharusi hakuoka tena. Binti alijaribu kwa kikombe hichohicho, ikatoka keki ya mtu mwingine. Sasa alitaka kikombe cha pili akae kando ya mama, achote kama anavyochota yeye.

Fundi aliinuka, akapangusa magoti.

"Kikombe cha unga si kitu kimoja, dada. Chukua kikombe cha kawaida: ukishindilia unapata gramu mia na hamsini, ukijaza taratibu kwa kijiko hata mia na ishirini hazifiki. Kipimo kiko mkononi mwa mama. Inabidi tuupime mkono wake kabla ..." Akasita. "Kabla hajachoka zaidi."

Walipeana namba za simu kwa ajili ya kazi hiyo, na kazi hiyo ikazaa nyingine. Fundi alikuwa akipiga simu mchana, wakati cherehani inanguruma, naye mshonaji alikuwa akiusimamisha mguu wake kwenye pedali hata kama mteja amemsimamia kichwani. Alimwita Gramu. Yeye akaitwa Futi.

"Futi wangu, umekula?"

"Nimekula."

"Kiasi gani?"

"Kiasi cha kushiba. Hicho nacho kibadilishe kiwe gramu."

Alikuwa akicheka peke yake baada ya kukata simu, na wenzake pale kazini wakatazamana. Penzi na kikohozi havifichiki.

Jumapili moja mchana Gramu alifika nyumbani kwao na mizani yake ndani ya sanduku. Mama, kilemba cha buluu kichwani, alimwita mwanangu kabla hata hajajua anatoka ukoo gani. Alikaa mezani, unga upande mmoja, bakuli juu ya mizani upande wa pili, akaanza kuchota. Mkono ulitetemeka. Kikombe kilipokuwa njiani kwenda bakulini, unga ulimwagika mapajani mwake, kidogo lakini kila mara. Na kila mara mshonaji aliinama haraka akaufuta kwa aproni, kabla mgeni hajainua macho kutoka kwenye mizani. Zamani mama huyu alikuwa akitoa sinia la moto ndani ya oveni kwa vidole vitupu. Binti hakuweza kuvumilia mtu mwingine amwone akishindwa na kikombe.

Gramu alisoma namba, Futi akaziandika. Unga, sukari, siagi, maziwa. Mama alichoka, wakamlaza.

"Mizani haidanganyi," Gramu alisema mlangoni, akamshika mkono kwa mara ya kwanza. Mshonaji alikaa na joto la kiganja kile mpaka jioni.

Jumapili iliyofuata alioka kwa gramu zilezile. Keki ilipanda vizuri ndani ya oveni, kisha ilipotolewa ikabonyea katikati. Alikata kipande cha pembeni, palipokuwa na nafuu, akampelekea mama kitandani. Mama alitafuna polepole, kwa adabu, kama anavyokula mtu nyumba ya ugenini.

"Tamu, mwanangu," akasema. "Ni ya nani hii?"

Kabla ya Jumapili nyingine mama alifariki.

Gramu alikuja kwenye mazishi akasimama nyuma ya watu. Alipopiga simu baadaye, mshonaji aliipokea kwa ubaridi.

"Uliniambia mizani haidanganyi. Mama yangu ameondoka hajaonja keki yake."

"Naomba radhi, Futi."

"Huna la kusema zaidi?"

"Kama kosa ni langu, nalipokea."

Mshonaji alitaka fundi abishe. Alitaka sana abishe, ili apate mtu wa kugombana naye. Alikata simu, na zilizofuata hakuzipokea, mpaka zikaacha kuja. Aliyaambia makabati ya jikoni kwamba fundi yule alikuwa bure kabisa. Lakini kila alipoitundika ile aproni, aliutazama mkono wake mwenyewe na akajua nani aliufuta unga.

Alivumilia miezi. Kisha asubuhi moja alifunga cherehani, akatia kikombe cha bati kwenye mkoba, akaenda kule dukani kuuliza anakopatikana fundi mizani. Hakuhitaji kuuliza. Alikuwa pale kwenye kaunta, amekonda, shati jeupe bado safi.

"Unga ulikuwa unamwagika," mshonaji alisema bila salamu. "Mama alipokuwa anachota. Mimi nilikuwa naufuta."

"Najua."

"Unajua vipi?"

"Niliona. Vijiko viwili vikubwa kwa kila kikombe, havipungui hapo, havikufika kwenye mizani. Macho yangu ndiyo kazi yangu."

"Mbona hukusema?"

"Wewe ulikuwa unafuta ili nisione. Ningeanzaje kusema kwamba nimeona? Na yeye amekaa pale, mama wa mtu, ananiita mwanangu." Fundi alishusha pumzi. "Nilipanga nikuambie mlangoni. Nikakushika mkono, nikasema jambo jingine. Mizani haikudanganya, Futi. Tulidanganya sisi, kwa kumheshimu."

Mshonaji alilia hapohapo, mbele ya wanunuzi na masufuria. Hakuna aliyemwuliza kitu, na fundi alisimama akimkinga na macho ya watu.

Mchana huo waliingia jikoni kwa mama. Walipima zile gramu za zamani, kisha mshonaji akaongeza unga kwa kijiko, viwili, na viwili, na viwili. Keki ilipanda, ikatoka, ikabaki ilivyo. Aliikata ingali na moto. Alitafuna, akashika ukingo wa meza.

"Ndiyo?" aliuliza Gramu.

"Ndiyo hii." Machozi yalimshuka mpaka kidevuni. "Na sina wa kumwambia. Ladha hii tuliijua yeye na mimi. Sasa nimebaki mwenyewe."

Fundi alionja. Alitafuna kwa makini, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Ulimi wangu haujui kama ni yenyewe au siyo. Nifundishe. Uwe unaoka kila Jumapili, mimi nile, mpaka siku utakapokosea nikuambie hii si ya mama. Ili tuwe wawili."

"Hiyo itachukua miaka, Gramu."

"Ndiyo ninayoiomba."

Mshonaji alikata kipande kingine, akakiweka kwenye kisahani cha mama. Kisha akakisukuma taratibu upande wa pili wa meza.

"Anza," akasema.