Insha ya Mbuzi Iliyompa Baba Udaktari

Kila siku nikirudi chuo cha Kurani baada ya Alasiri, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupandisha ndoo mbili za maji mpaka ghorofa ya tatu, na ya pili kumpigia baba chapa. Tulikaa Michenzani. Baba yangu, Mwalimu Mahfoudh, alifundisha biashara katika chuo kimoja cha mjini. Darasani alisifika, lakini mbele ya kompyuta alitafuta herufi kwa kidole kimoja na kuishia kuigombeza mashine. Kwa hiyo yeye alisoma kwa sauti, na mimi, Zeyana, mwenye miaka kumi na mitatu, nikaandika.

Mwaka ule nyumba yetu ilikuwa na uadui na mtu ambaye hakuwahi kukanyaga mlango wetu. Jina lake Bi Hija. Alifundisha chuo kimoja na baba, meza zao zikitazamana, na alikuwa na shahada ya uzamivu, ile inayomfanya mtu aitwe daktari bila ya kutibu mtu. Mkuu wa idara yao alikuwa anastaafu, na tangazo lilisema anayetaka nafasi ile awe na udaktari. Baba alikuwa na miaka ishirini ya kufundisha na udaktari hana. Bi Hija alikuwa na miaka saba na udaktari anao. Basi hapakupita mlo bila ya Bi Hija kutetwa.

“Kasoma chuo cha bei rahisi huko, leo anatembea kama yeye ndiye aliyeigundua biashara,” baba alikuwa akisema, na mama akimwongezea mchuzi ili anyamaze.

Ndipo akatokea Bwana Amour. Alikuwa na ofisi ndogo Mji Mkongwe, juu ya duka la vinyago, na alijiita wakala wa vyuo vya nje. Alimwambia baba kuwa atampatia udaktari wa biashara kutoka Ulaya, bila ya kusafiri, bila ya kuacha kazi, kwa ada nafuu na kwa miezi sita tu. Mimi nilimchukia siku ileile, kwa sababu alimwita baba “daktari” kabla hajatia saini hata karatasi moja, na baba akaona haya kama bwana harusi.

“Miezi sita si michache?” mama aliuliza. “Mie kujifunza kushona mabuibui tu kulinichukua mwaka.”

“Badria, mabuibui na biashara ni vitu viwili,” baba alimjibu, na mama akarudi kwenye cherehani yake.

Kazi za kuandika zilikuwa nne. Mbili za mwanzo zilikwenda zikasifiwa. Ya tatu baba aliitolea jasho. Alikwenda Paje na Jambiani kuwauliza wakulima wanavyoziuzia mboga hoteli za pwani, akakaa nao mpaka wakamweleza hasara zao. Kurasa arubaini nilimpigia chapa, na nasema kweli, nyingine zilinivutia hata mimi.

Siku ya kuituma, adhana ilikuwa ishaadhiniwa na baba anatafuta makubadhi yake. “Zeyana, itume hiyo Kazi ya Tatu,” akasema, akatoka. Nami nilikuwa na Kazi ya Tatu yangu, ya Kiswahili ya skuli, nimeiandika kwenye kompyuta hiyohiyo na kuiita jina hilohilo. Ilikuwa insha ya kurasa mbili juu ya mbuzi wa bibi yangu wa Makunduchi, aliyeingia kwenye maulidi akala kilemba cha mgeni. Niliharakisha, nikatuma bila ya kufungua nikaangalia.

Siku mbili baadaye niliitafuta insha yangu nikaichapishe. Nikaikuta imo ndani ya barua pepe iliyokwenda Ulaya. Kazi ya baba ilikuwa imelala palepale nilipoiacha. Nilisimama nimwite baba nimwambie, lakini yeye ndiye aliyeniita.

“Zeyana.”

“Naam, baba.”

“Njoo usikie. Mwite na mama yako.”

Jibu lilikuwa limefika kwenye simu yake. Alitusomea kwa Kiingereza kisha akatufasiria, polepole, kila neno akilionja. Alama tisini na moja. Profesa alifurahishwa mno na uchambuzi wa kina wa masoko ya kimataifa. Takwimu zilikuwa madhubuti. Kwa kazi bora kama hii, chuo kilikuwa kimeamua kumsamehe kazi ya nne, na cheti kingefika ndani ya siku kumi.

Mama alipiga kigelegele na majirani wakatoka vyumbani kuuliza kuna nini. Mimi nilitazama chini. Mbuzi wa bibi, kwa Kiswahili, kapewa tisini na moja. Nilijua papo hapo kwamba hakuna mtu aliyesoma kitu, na nilijua pia kwamba kosa la kutuma lilikuwa langu. Nikanyamaza, na kila siku niliyonyamaza ulimi ulizidi kuwa mzito. Barazani walikwisha kuanza kumwita daktari, naye akiitikia.

Cheti kilifika Jumanne, kina muhuri wa dhahabu mkubwa kama sahani ya kahawa. Alhamisi baba alitakiwa kukipeleka kwa mkuu wa chuo pamoja na barua ya kuomba nafasi. Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Mwaka uliopita chuoni kwao alifukuzwa mtu aliyekutwa na cheti kisicho cha kweli, na baba mwenyewe ndiye aliyetuambia, tena akasema alistahili. Baba akifukuzwa miaka ishirini yake itakwenda na maji, na atakayekuwa amejua na kunyamaza ni mimi.

Jumatano, tukila cha mchana, nikasema.

“Baba, ile kazi iliyopata tisini na moja si yako. Nlikosea. Nlituma insha yangu ya mbuzi.”

Aliacha tonge mkononi. “Unasema nini?”

“Insha ya Kiswahili. Kazi yako haikwenda. Hawakuisoma hiyo wala nyingine.”

“Nani kakutuma?” Sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo tuliyoiogopa zaidi. “Hija? Hija kakutuma uje unitie aibu mezani kwangu?”

“Bi Hija simjui hata sura.”

“Huna adabu. Nakulisha, nakusomesha, siku ninayoinua kichwa unanipiga rungu.”

Mama alitaka kusema, baba akamkata kwa jicho. Aliosha mikono, akaifungua kompyuta, akaitazama barua ile na insha iliyomo ndani yake. Aliisoma yote, mpaka mbuzi anapofukuzwa na kilemba mdomoni. Sikumwona akitabasamu. Kisha akaniambia nivae mtandio, nichukue kompyuta, twende.

Bwana Amour alitupokea kwa meno yote. “Karibu, daktari.”

“Nani kaisoma kazi yangu ya tatu?” baba aliuliza akiwa bado amesimama.

“Profesa mwenyewe.”

“Jina lake?”

“Hiyo ni siri ya chuo, daktari.”

“Huyu binti yangu alituma insha ya skuli kwa makosa. Ya Kiswahili. Juu ya mbuzi. Profesa wako kaona masoko ya kimataifa.”

Bwana Amour hakutetereka hata kidogo. “Kiswahili siku hizi ni lugha ya dunia,” akasema. Baba alipozidi kumkazia macho, yale meno yakafichwa. “Mwalimu, cheti unacho. Unataka nini tena? Ukipiga kelele, jina litakalochafuka ni lako, langu halimo mle. Na wewe mtoto, ujifunze kufunga mdomo.”

Nilitamani kumrushia kinyago. Baba alinishika mkono tukateremka ngazi. Nilidhani tunarudi nyumbani, lakini tulipovuka barabara ya Darajani kuingia Ng'ambo aliipita njia ya kwetu, akitembea haraka, mpaka kwenye nyumba moja yenye mlango wa bluu. Alipiga hodi. Aliyefungua alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani. Uso wa baba uliniambia ni nani.

“Shikamoo,” nikasema.

“Marahaba.” Bi Hija alitukaribisha kwa mdomo, macho yake hayakutukaribisha. Kahawa hakututilia. Baba alimsimulia yote, mbuzi na kila kitu, akitazama ukuta, naye akasikiliza amekunja mikono.

“Nani aliyekufundisha?” akauliza baba alipomaliza. “Jina lake.”

“Simjui.”

“Umewahi kumwona uso, hata kwenye simu?”

“Sijamwona.”

“Amewahi kukwambia umekosea?”

“Hajaniambia.”

“Tume ya vyuo vikuu ya hapa nchini inakitambua chuo hicho?”

“Sikuuliza.”

“Bei uliuliza,” Bi Hija alisema. “Mwanafunzi wako wa mwaka wa kwanza ungemtoa darasani kwa hilo.”

Baba aliwaka. “Na chako wewe? Si cha rahisi vilevile?”

“Cha rahisi kuliko hicho chako. Urahisi si dhambi, Mwalimu, na ughali si ushahidi. Nilisoma miaka mitano kwa mtandao, nikiwa hapahapa. Kazi yangu ya kwanza ilirudishwa mara nne. Msimamizi wangu nilimchukia, alikuwa akinipigia simu kuniuliza kila tarakimu nimeitoa wapi. Lakini ukitaka kumwuliza habari zangu, namba yake nnayo, mpigie sasa hivi.” Akanyoosha mkono. “Hiyo kazi yako ya kweli iko wapi?”

Nilimfungulia kompyuta. Alisoma kwa muda mrefu, ukurasa baada ya ukurasa, nasi tumekaa kama watu waliokuja kuomba mkopo. Mwisho akavua miwani.

“Mahojiano mazuri. Sijaona mtu aliyewauliza wakulima wale kama ulivyowauliza. Sura ya pili haina kichwa wala miguu. Na ukurasa wa thelathini umedai jambo hukulithibitisha.”

Nilingoja baba apasuke. Taya lake lilicheza, lakini akatoa kalamu mfukoni na kuandika: ukurasa wa thelathini. Bi Hija alikuwa msomaji wa kwanza wa kazi ile baada yangu.

Alhamisi baba alikwenda kwa mkuu wa chuo. Barua ya maombi hakuitoa, akamwachia cheti kile wengine waonywe, na akaandika maelezo ya yote aliyotendewa na Bwana Amour. Watu walipokwenda kwenye ofisi ya juu ya duka la vinyago, walikuta kufuli. Nafasi ya ukuu wa idara alipewa Bi Hija. Baba hakumpongeza kwa furaha, nisiseme uongo, na mpaka leo wanagombana, ila sasa wanagombania sura ya pili. Mwezi uliofuata aliomba chuo kingine cha nje, cha ada ndogo, ambacho tume ilimthibitishia kuwa inakitambua. Walimjibu kwamba pendekezo lake bado halijafaa, na wakamtajia kwa jina mwalimu atakayemwongoza kulirekebisha. Alifurahi kukataliwa kuliko alivyofurahia tisini na moja.

Kwa wiki nzima baada ya Alhamisi ile baba hakusema nami ila kwa shida. Barazani walimcheka, na alijua ulimi wangu ndio ulioanzisha. Siku moja nikiwa namsubiri asome niandike, akalifunga daftari lake.

“Zeyana, mtu anayekusifu kabla hajasoma ulichoandika hakusifu wewe, anasifu mfuko wako. Elimu ya kweli haijulikani kwa bei wala kwa muhuri. Ina mwalimu mwenye jina, anayeweza kusimama akasema: huyu nimemfundisha mimi, hapa alikosea, na hapa akajirekebisha. Mie hayo nnayafundisha kila siku, na tamaa ikanifunga macho. Wewe ulikosea kwa kutuma bila ya kuangalia, ukakosea tena kwa kunyamaza siku zile zote. Lakini ulisema kabla sijaangamia.”

“Nisamehe, baba.”

“Nshakusamehe. Sasa sikiliza. Ukiniona tena nnajidanganya, niambie. Ntakasirika. Niambie hivyohivyo.”