Plasta Isiyokunjwa Ncha

Miguu ya mgonjwa ilikufa mchana kweupe, mwenyewe akiwa macho na akiuliza kulikoni.

Asubuhi, baada ya kuwekewa kipande kipya cha mshipa mkuu wa damu, aliisogeza yote miwili. Saa za kuona wagonjwa zilipokwisha, hakuisikia hata ikichomwa sindano.

Inspekta, ambaye vijana wa kituoni walimwita Kobe, aliingia chumba cha mahututi bila haraka. Daktari wa upasuaji alimwonyesha mrija mwembamba uliotoka mgongoni mwa mgonjwa.

"Upasuaji huu hupunguza damu inayofika kwenye uti wa mgongo," alisema. "Maji yanayouzunguka yakizidi, yanaubana. Mrija huu huyapunguza ili damu ipite. Tumekuta koki yake imefungwa. Tumeifungua, tumempandisha presha. Sasa tunangoja."

"Nani huifunga?"

"Muuguzi, akimgeuza mgonjwa. Kisha huifungua."

"Akisahau?"

Daktari alimtazama muuguzi wa zamu. "Ndiyo haya."

Muuguzi alikuwa amelia hadi macho yamevimba. "Niliifungua, afande. Nikabandika plasta juu yake isiguswe. Haki ya Mungu."

"Kila mtu huapa, sista. Plasta iko wapi?"

Daktari alikuwa ameibandua na kuiacha kwenye trei. Kobe aliitazama, kisha akamwambia muuguzi abandike nyingine mezani. Muuguzi alivaa glavu, akakata plasta, akakunja ncha yake kidogo, akabandika.

"Mbona umekunja?"

"Tupate pa kushika. Ukiwa na glavu, kucha hazisaidii. Hapa sote hukunja."

"Hii haikukunjwa."

Daktari alikohoa na kuangalia dirishani.

"Nani aliingia humu?"

"Mkewe tu. Mdogo wa mgonjwa ana mafua, tulimzuia mlangoni."

"Mke anaijua kazi ya koki?"

"Nilimweleza mwenyewe ili asiiguse. Nikamwambia ikifungwa, miguu itakufa." Muuguzi alivua glavu. "Akaniomba nirudie."

Upande wa gundi ulikuwa na alama ya kidole gumba. Kufikia jioni maabara ilikuwa imejibu. Mke alikutwa kwenye benchi la ukumbini, mkoba mapajani.

"Mama, kidole ni chako."

"Nilikuwa namfunika shuka, baba."

"Plasta si shuka. Uliibandua ya sista, ukabandika nyingine."

Aliufunga mkoba ambao tayari ulikuwa umefungwa. "Usiku wa kuamkia upasuaji alinishika mkono. Akasema akipona anahamia kwa yule mwanamke wake. Akaniomba nisiwe na kinyongo."

"Ukaamua kumuua."

"Nimuue mume wangu?" Alikasirika kweli. "Nilitaka miguu tu! Yule anataka mwanamume wa kutoka naye. Asiye na miguu angeniachia mimi. Ningemwogesha, ningemlisha, ningembeba mgongoni. Nani mwingine angefanya hivyo?"

Kobe alikuwa amesikia maungamo mengi. Haya yalimchukiza, kwa sababu mama wa watu aliyasema kwa mapenzi.

Alikuwa akimtia mke pingu wakati daktari alipotoka mbio, kofia mkononi.

"Mguu wa kulia umesogea! Na wa kushoto unasikia sindano. Huyu atatembea."

Muuguzi aliketi sakafuni akacheka na kulia kwa pamoja. Mke alibaki amesimama, akiutazama mlango wa chumba cha mumewe.

"Basi anahama," alisema.