Mbuzi wa Casimir

Siku ya soko pale Baraka, kijana mmoja mwenye kaptura ya kaki iliyopigwa pasi alikanyaga dagaa wa watu.

"Wewe! Huna macho?" Anastasie, mwenye dagaa, alifoka.

"Pardon, mama. Mi nilikuwa kwa mito ya Ubelgiji."

"Wapi?"

"Meuse, Escaut, Sambre. Bataniuliza kwa concours."

Anastasie alicheka mpaka kilemba chake cha njano kikalegea. Alikuwa amerudi juzijuzi kwa baba yake, mzee Alphonse, baada ya kulelewa na shangazi yake Kigoma, na hajapata kuona mtu aliyepotea Ubelgiji huku amesimama juu ya dagaa.

Kijana huyo, Casimir wa Lubondja, alikuwa amefikia pale Baraka kujiandaa kwa hiyo concours, mtihani wa kuingia shule ya biashara ya Usumbura. Viti ni vichache, vijana wanatoka kila upande, na mwaka ujao umri wake ungekuwa umepita. Ni mwaka huu au basi. Tangu siku ile akawa anakuja kila alasiri. Anastasie anashika kitabu cha Kifaransa asichokielewa, anamtazamia majibu kwenye kurasa za mwisho, huku akichambua maharage.

"Umekosea tena, mpenzi."

"Ni sababu unaniangalia, chérie. Geuka kule, ntapata."

"Nikupe mgongo?"

"Ayi! Hapo ntakosa kabisa."

Mapenzi yakakolea. Mzee Alphonse hakuyapenda. "Huyo ameshaoa vitabu," alisema. Norbert, mchuuzi wa samaki wa Swima, alikuwa ameleta posa, na mzee akakata shauri: Casimir alete mbuzi wa mahari kabla ya mwezi kwisha, la sivyo binti anakwenda Swima. Kwa kina Casimir mbuzi walikuwapo, ila hawakutosha.

Casimir akapanda kwao Lubondja, na siku zikapita bila neno kutoka kwake. Lori la pamba ambalo lingempeleka kwenye mtihani lilikuwa karibu kuondoka, na roho ya Anastasie ikawa juujuu. Hatimaye akapita Marthe, dada yake Casimir, na ujumbe.

"Kaka anasema mbuzi ya mahari ameuza. Roho yako itulie."

Ameuza! Basi amewageuza nauli ya Usumbura, na salamu ametuma. Anastasie hakuuliza neno. Aliingia ndani akalia mpaka macho yakavimba, kisha akamwambia baba yake, "Norbert aje Jumapili."

Jumamosi asubuhi ua ulijaa kelele za mbuzi. Casimir alisimama katikati yao, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Hawa si uliwauza?"

"Ndiyo, niliuza, kwa ile feza ya safari. Concours imeisha kwangu. Nabakia na we."

Sasa Anastasie akaelewa. Kwa watu wa Lubondja, kuuza ni kununua. Mwenye kutaka kutoa mali yake sokoni, huyo anauzisha. Neno moja tu, naye alikuwa amejitoa kwa mwanamume mwingine.

Mzee Alphonse alikuwa ameshawazunguka mbuzi, uso umekunjuka. "Wametimia. Wafungwe pale."

"Baba, usiwapokee."

"Una wazimu?"

"Casimir, lori linaondoka lini?"

"Leo, sasa hivi. Lakini mi nimekata shauri."

"Umekata peke yako! Uliniuliza? Kila utakapoona karani amevaa tai, utanitazama mimi. Sitaki kutazamwa hivyo maisha yangu yote. Nenda na mbuzi wako, wapate mnunuzi Uvira, upate nauli na chakula."

"Na Norbert?" mzee akauliza.

"Nitamwambia mwenyewe, baba. Nilikosea."

Casimir alimshika mkono. "Utaningojea?"

"Nitangoja nikiweza. Baba atanisema kila siku, na miaka ni mingi. Siwezi kukudanganya."

Wakawaswaga mbuzi mbiombio mpaka barabarani. Dereva alinung'unika, akapiga honi, akakubali. Anastasie alijua kwamba vijana wengi waliokwenda Usumbura walioa hukohuko. Alijua vizuri sana, machozi yakimtiririka, na bado alimsukuma mbuzi wa mwisho ndani ya lori kwa mikono yake mwenyewe.