Kamera Iliyofumba Jicho

"Ulanzi umechacha."

Maneno mawili tu, na simu ikakatwa.

Hilario Mwalongo alibaki amesimama kwenye shamba la chai nje ya mji wa Njombe, simu mkono mmoja, kamera mkono wa pili. Kwa watu wengine, ulanzi uliochacha ni pombe ya mianzi inayosubiri wanywaji. Kwa Idara ya ujasusi maneno hayo yalikuwa na maana moja. Mwenzao aliyejipenyeza kwa adui yu karibu kugundulika.

Na aliyejipenyeza alikuwa Anjela.

Siku yenyewe ilikuwa imeanza vizuri mno, na hilo peke yake lingemtia mashaka. Alikuwa mapumzikoni. Kamera ya Zorki ya marehemu baba yake, aliyorudi nayo kutoka masomoni Urusi, ilikuwa imefufuka. Mzee Rehani, fundi wa saa na kamera pale Makambako, aliifungua skrubu moja moja, akaisafisha, akaibadilishia pazia. Sasa ilipiga kwa mlio mtamu.

Chak.

Hilario alichungulia kidirishani, akazungusha lenzi taratibu. Mle ndani mchuma chai mmoja alionekana wawili, mpaka picha ya pili ikaiangukia ya kwanza wakawa mtu mmoja. Hapo ndipo unapopiga. Alilipenda jambo hilo kuliko yote, maana katika kazi yake kila mtu alikuwa wawili, na hao wawili hawakukutana kamwe.

Alikuwa ameshapiga picha kadhaa, akijiona bingwa, mama mmoja mwenye tenga la viazi aliposimama mbele yake.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mama."

"Samahani, hiyo kamera mbona imefumba jicho?"

Akaigeuza. Kifuniko kilikuwa palepale mbele ya lenzi! Kamera za aina hii ndivyo zilivyo. Wewe unachungulia dirisha lako, lenzi ina njia yake. Waweza kuiona Njombe yote huku lenzi imo gizani. Jasusi mzima! Mama alicheka mpaka viazi vikadondoka, na Hilario akamsaidia kuokota huku uso ukimwaka kwa aibu.

Ndipo simu ilipolia.

Dakika chache baadaye Harrier yake ilikuwa ikila lami kuelekea Makambako, Glock kiunoni, kidude cha mawasiliano sikioni. Ukungu ulitanda hadi barabarani. Pikipiki moja ilimfuata nyuma kwa muda, kisha ikakata kushoto. Hakuipenda.

"Emilia, sema."

Emilia alikuwa mwenzake wa Idara, mwanamke asiyepoteza neno.

"Davis amewapiga picha wafanyakazi wote wa ghala la Mahongole. Kwa kujificha. Anjela yumo."

Ghala lile liliuza parachichi. Chini ya parachichi yalilala meno ya tembo. Anjela alikuwa karani wao tangu masika, na Davis alikuwa msimamizi.

"Kapiga kwa simu?"

"Kwa kamera ya filamu, Canon ya zamani. Bosi wao haamini simu, anasema zina masikio. Davis anampelekea filamu mwenyewe, kwa treni ya leo, Tunduma."

Bosi huyo mgeni, hakuna aliyelijua jina lake la kweli. Lakini Bosi aliijua sura ya Anjela. Aliwahi kumwona mpakani, ndani ya sare za polisi. Akiiona sura ile kwenye picha, Anjela hatafika kesho.

"Mtoeni."

"Kakataa. Anasema akitoweka watashtuka, shehena itahama na Bosi atayeyuka. Tukimkamata Davis, ni vilevile."

"Kamera kaitoa wapi?"

"Kwa fundi mmoja sokoni. Anaitwa Rehani."

Gari nusura liache njia.

Rehani! Mzee aliyemkaribisha kahawa na kashata, akamsikiliza akimlilia baba yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Au je, ile Zorki nayo iliwekwa kitu? Hilario aliitazama pale kwenye kiti cha abiria, na kwa mara ya kwanza akaiogopa.

Kibanda cha Rehani kilinuka mafuta ya cherehani. Mzee alikuwa ameinamia saa.

"Assalaam aleikum, mzee wangu."

"Waaleikumu salaam. Karibu, mwanangu. Imekusumbua?"

"Hapana. Kuna mtu ulimtengenezea Canon ya zamani. Hukuniambia."

Rehani akainua macho polepole. "Nikuambie habari za wateja wangu? Wao niwaambie zako?"

Jibu zuri. Jibu la mtu safi, au la mtu aliyejiandaa. Hilario hakuketi.

"Ulimfundisha kuitumia?"

"Nimfundishe wapi! Nilimwambia, mwanangu, ngoja nikuonyeshe, akasema mzee nina haraka, picha nimezaliwa nazo. Akanyakua, akaenda. Hata utepe wangu hakuusubiri niutoe."

"Utepe gani?"

"Kwani wewe sikukufungulia wako hapahapa?"

Hilario akakumbuka. Rehani hakuitoa kamera mikononi mwake bila kufunga kifuniko kwa utepe mwekundu wa umeme, kisha akapiga dole gumba lenye wino, nusu juu ya utepe, nusu juu ya chuma cha lenzi. Mteja alifunguliwa mbele yake na kuonyeshwa kila kitu, ili asije kesho akasema ameharibiwa. Utepe ukishabanduliwa, dole halikutani tena.

Huenda Davis hakuubandua. Lakini kama mzee alikuwa mmoja wao, hadithi hii ilikuwa chambo, na Anjela ndiye angenasa.

"Nakuamini, mzee," alisema. Alikuwa anadanganya.

Stesheni ya Makambako ilikuwa imejaa wasafiri na magunia. Davis alisimama kando, koti refu, kamera ndani ya koti. Mkono wa kulia haukutoka mfukoni.

"Nipo nyuma yake," Emilia alinong'ona sikioni. "Treni inaingia. Nimkamate?"

"Subiri. Tangu atoke kwa fundi, umempoteza hata kidogo?"

"Hata chooni nilikuwa mlangoni."

"Hakurudi kwa Rehani?"

"Hakurudi."

Hilario aliivaa Zorki shingoni, akamwendea Davis huku anatabasamu kama mshamba.

"Kaka! Nimeona mkanda wa kamera. Na wewe ni mgonjwa wa hizi za filamu?"

Davis alimpima toka viatu hadi kofia. "Kidogo."

"Hebu nikupige moja ya kumbukumbu."

"Sipigwi."

"Basi nipige wewe. Au sio mpiga picha?"

Abiria wawili wakageuka kutazama. Davis akang'ata meno. Mpiga picha anayekataa kupiga picha huvuta macho, na yeye hakuyataka macho. Akaitoa Canon.

Hilario akaitazama lenzi.

Kifuniko kilikuwapo. Utepe mwekundu ulikuwapo. Na dole la wino wa bluu, nusu utepe, nusu chuma, lilikutana mstari kwa mstari.

Davis akachungulia kidirisha kilichokuwa kando ya lenzi, kama cha Zorki, akaona kila alichotaka kuona, akabonyeza.

"Umetoka vizuri," alisema kwa dharau.

"Asante, kaka. Safari njema."

Treni ikapiga honi. Davis akapanda.

"Hilario!" Emilia alifoka. "Anaondoka na sura ya Anjela! Na yako!"

"Mwache."

"Umerukwa na akili?"

"Anaondoka na giza. Waambie wa Tunduma wamfuate tu, wasimguse mpaka aingie kwa Bosi."

Aliisindikiza treni kwa macho mpaka ikapotea. Hakurudi nyumbani. Alikaa kibandani kwa Rehani, akamwomba radhi bila kusema kosa. Mzee alimmiminia kahawa.

Habari ilifika kesho yake, kahawa nyingine ikiwa mezani. Bosi aliisafisha filamu bafuni mwa nyumba ya wageni, akaiinua kwenye mwanga. Nyeupe pee, toka mwanzo hadi mwisho, kama filamu isiyowahi kuona mwanga. Alikuwa bado anamkaba Davis koo, akimwita msaliti, mlango ulipovunjwa. Wakati uleule makreti ya Mahongole yalikuwa yakipakuliwa mbele ya polisi.

Anjela alitoka ghalani kwa miguu yake. Alimkuta Hilario akimngoja barabarani, akamkumbatia, na machozi yakamtoka bila kuyazuia.

"Nipige picha," alisema akijifuta. "Nataka ushahidi kwamba mimi ni mzima."

Hilario akainua Zorki. Akazungusha lenzi mpaka Anjela wawili wakawa mmoja.

Chak.

"Wewe! Hujaondoa kifuniko."

"Najua," alisema Hilario. "Sura yako isikae kwenye filamu yoyote." Akaitupia kamera begani, akaelekea kwenye gari lake.